Tunapima Kiwanja, Nyumba Hatuipimi

Hivi ndugu wasomaji, mmewahi kujiuliza neno "imepimwa" lina maana gani? Pita Mabatini leo, au Igogo, au Kirumba, uliza nyumba inayouzwa. Kabla hujaonyeshwa hata mlango, dalali atakuambia kwa sauti ya ushindi, "Hii imepimwa, bosi!" Anachomaanisha ni kwamba mpima ardhi alipita, akapanda bikoni zake, na kiwanja kina namba. Basi. Msingi haujapimwa. Kuta hazijapimwa. Kenchi hazijapimwa. Choo ndiyo kabisa, hakuna hata aliyekifungua.

Sisemi bikoni hazina maana. Urasimishaji wa makazi umewasaidia watu wengi hapa Mwanza ambao zamani hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Ninachosema ni kwamba tumejifunza nusu ya somo. Tumejifunza kuogopa kuuziwa ardhi ya mtu mwingine. Hatujajifunza kuogopa kuuziwa nyumba inayoanguka.

Angalia mtu wa kawaida anavyonunua nyumba siku hizi. Anaenda ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kama muuzaji anafahamika. Anaita majirani wa pande nne waonyeshe mipaka. Anahakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Anauliza deni la maji na kodi ya jengo. Anatafuta wakili. Yote hayo ni mazuri na mtu asiyafanye ni mzembe. Lakini nyumba yenyewe anaikagua vipi? Anaingia, anahesabu vyumba, anagonga ukuta kwa kidole, anauliza kama maji yanatoka, anatoka. Dakika kumi na tano. Halafu anatoa akiba ya miaka kumi.

Jamani! Mtu akinunua pikipiki ya mkononi anakuja na fundi. Atawasha injini, atasikiliza mlio, atainama kutazama kama inavuja oili. Nyumba yenye bei ya pikipiki kumi anainunua kwa macho.

Mabatini siyo tambarare

Kuna sehemu ambazo uzembe huu unaweza kusamehewa. Mabatini siyo mojawapo. Wenye kuijua Mwanza wanaelewa kwamba huku kuna Mabatini ya juu na Mabatini ya chini, na kila moja ina ugonjwa wake.

Ya juu iko kwenye mawe. Tunajivunia kuitwa Jiji la Mawe, tunapiga picha na Bismarck Rock na kuzituma duniani. Lakini nyumba iliyoko mlimani mara nyingi imekaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya kifusi kilichojazwa ili kupata usawa. Mwamba hautikisiki. Kifusi kikilowana kinashuka. Nusu ya nyumba inabaki juu, nusu inataka kuteremka, na katikati pale ukuta unapasuka. Tena hicho kifusi kimezuiwa na ukuta wa mawe uliojengwa na fundi yeyote aliyepatikana siku hiyo, mara nyingi bila matundu ya kutolea maji. Mvua ikinyesha, maji yanajaa nyuma ya ukuta, ukuta unavimba tumbo kama mtu mwenye maradhi, na siku moja unalala juu ya nyumba ya jirani wa chini.

Ya chini iko karibu na Mto Mirongo, ule unaopita katikati ya jiji kuelekea ziwani. Huko hakuna shida ya mwamba. Shida ni maji. Mirongo wakati wa kiangazi ni mfereji tu ambao mtoto anauruka. Mvua kubwa zikija unakumbuka kwamba ni mto, unaingia ndani ya nyumba za watu bila hodi. Ukitaka kujua, usiangalie mto, angalia kuta. Mstari wa rangi ya tope ulioko futi mbili kutoka chini unasema ukweli kuliko dalali yeyote. Ndiyo maana nyumba inayouzwa ikipakwa rangi mpya nusu ya chini tu, mimi moyo unashtuka.

Halafu sisi watu wa kanda hii tuna kumbukumbu nyingine. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa takribani 5.9 liliipiga Kagera. Bukoba waliuawa watu na maelfu ya nyumba yaliharibika, na hata sisi Mwanza tulilisikia. Nyumba zilizopata nyufa siku ile ziko wapi leo? Nyingine zilibomolewa, nyingine zilitengenezwa vizuri, na nyingine zilipigwa plasta. Plasta haina maelezo. Ikishakauka na kupakwa rangi, mnunuzi wa miaka kumi baadaye atajuaje?

"Ulikuja ukaiona kwa macho yako"

Kuna jamaa mmoja ninayefanya naye kazi, jina namwachia mwenyewe. Alinunua nyumba ya vyumba vitatu upande wa juu, mwezi wa Agosti, jua kali, kila kitu kikavu. Rangi ilikuwa mpya, inanukia. Karatasi zote zilikuwa safi, mashahidi walikuwepo, muhuri ukagongwa, soda zikanywewa.

Mvua za Novemba zilipoanza, ufa ukajitokeza kwenye kona ya dirisha la chumba cha watoto, ukapanda hadi kwenye mkanda wa zege. Baada ya wiki tatu ulikuwa unaingiza kidole. Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya jiko ulikuwa umeanza kuinama. Fundi aliyeitwa alikwangua plasta akakuta ndani ufa wa zamani uliojazwa saruji. Watoto wakahamishiwa sebuleni, na bado wako huko.

Alimfuata aliyemuuzia. Hawakugombana. Yule mzee alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia taratibu, "Mwanangu, mimi sikukuficha. Ulikuja ukaiona kwa macho yako. Hukuniuliza habari za ufa, ningekujibu nini?"

Ukisikia hivyo unaweza kukasirika. Mimi nilikasirika. Lakini mimi si wakili, kwa hiyo niliamua kuisoma Sheria ya Mikataba, ile Sura ya 345, na ninawashauri na nyinyi mwisomee. Kifungu cha 17 kinaeleza udanganyifu ni nini. Kusema jambo la uongo huku unajua ni uongo, huo ni udanganyifu. Kulificha kwa makusudi jambo unalolijua, nao ni udanganyifu. Lakini kukaa kimya tu, kwa kawaida, siyo udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamlazimu mtu aseme. Ukiendelea hadi kifungu cha 19 unakutana na maneno yanayouma zaidi. Hata kama ulikubali mkataba kwa sababu ya kimya cha udanganyifu au maelezo yasiyo sahihi, huwezi kuuvunja kama ulikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa bidii ya kawaida.

Bidii ya kawaida! Maneno hayo yana uzito kuliko mihuri yote ya mtaa. Maana swali atakaloulizwa mnunuzi akifika mbele ya wasuluhishi au hakimu ni hili: ulileta fundi? Uliuliza? Ulipanda nyuma ya jiko ukaangalia ukuta? Kama jibu ni hapana, kazi yako ya kudai imekuwa ngumu. Sisemi haiwezekani. Saruji iliyojazwa ndani ya ufa na kufunikwa inaweza kuwa ushahidi wa kuficha. Lakini itakubidi uthibitishe ni nani aliyeijaza, lini, na kwamba alijua. Huku watoto wanalala sebuleni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ndio sababu ya kuandika yote haya. Mnunuzi wa nyumba akague nyumba kabla ya kutoa hata senti, na kila kasoro itakayoonekana iandikwe ndani ya mkataba pamoja na dawa yake. Isiishie mdomoni.

Nani akague, na aangalie nini

Kwanza, usikubali fundi aliyeletwa na dalali. Dalali analipwa nyumba ikiuzwa, na fundi wake anajua nani kamwita. Tafuta fundi mwashi wa mtaa mwingine, mtu mzima aliyejenga milimani, mlipe siku yake nzima hata kama atatumia saa mbili. Kama nyumba ni ya ghorofa, au ina ukuta mrefu wa kuzuia udongo, fundi peke yake hatoshi. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Na tusichanganye watu. Mpima ardhi anakuonyesha mipaka. Mthamini anakuambia thamani, na benki ndiye inayemtaka. Hakuna hata mmoja kati yao uliyemlipa apande kwenye dari kuangalia mchwa.

Pili, nenda mara mbili, na mara moja iwe baada ya mvua. Kama ni kiangazi, waulize majirani wa chini yako, siyo wa juu. Jirani wa chini anajua maji yako yanapita wapi kwa sababu yanapita kwake.

Tatu, kasoro utakazokuta zigawe mafungu matatu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, maana wanaogopa yasiyoogopwa na wanapuuza ya kuua.

Fungu la kwanza ni uchakavu. Rangi imebanduka, kitasa kibovu, koki inadondosha, bati moja lina kutu, nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta. Nyumba yoyote iliyokaliwa inakuwa nayo. Usipoteze muda wa watu hapa.

Fungu la pili ni kasoro za fedha. Ufa unaopanda kama ngazi kufuata maungio ya tofali, au ufa unaoweza kuingiza sarafu. Ukuta ambao timazi inaonyesha umeinama. Jamvi lililoshuka upande mmoja. Kenchi zilizoliwa na mchwa. Waya za umeme zilizoungwaungwa darini. Ukuta wa nje unaovimba. Haya yanatengenezeka, ila kwa hela, na hela hiyo lazima ijulikane kabla ya bei kukubaliwa.

Choo ninakitaja peke yake kwa sababu tunakionea aibu. Kwenye mwamba shimo halichimbiki, kwa hiyo vyoo vingi vya mlimani ni vifupi na vinajaa haraka. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda vichochoro vile. Matokeo yake mnayajua, mvua ikinyesha usiku kuna wanaofungulia. MWAUWASA wamefikisha mabomba ya majitaka katika baadhi ya makazi ya milimani, na nyumba iliyounganishwa ina thamani tofauti kabisa na ambayo haijaunganishwa. Basi uliza. Fungua mfuniko. Uchafu wa leo ni nafuu kuliko wa kesho.

Fungu la tatu ni kasoro za mahali, na hizi hakuna fundi anayeziweza. Jiwe kubwa lililokaa juu ya nyumba huku udongo wa chini yake unaliwa na maji. Nyumba iliyojengwa juu ya njia ya maji. Nyumba iliyoko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu. Ukinunua hiyo hukununua nyumba, umenunua alama ya X nyekundu. Wenzetu wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, waliiona Desemba 2015 wakati tingatinga zilipoingia. Na waliojenga ufukweni mwa ziwa letu waliionja mwaka 2020 na tena 2024, maji yalipopanda hadi vyumbani. Kasoro ya fungu la tatu haina punguzo la bei. Ukiikuta, aga vizuri uondoke.

Umeikuta kasoro, sasa?

Tuseme umekagua na umekuta mambo ya fungu la pili. Wengi hapa wanafanya moja kati ya mawili. Ama wanakimbia, ama wanapiga kelele, bei inashuka kidogo, wanakubali. Zipo njia nzuri zaidi, na kila moja ina mtego wake.

Njia ya kwanza ni muuzaji kutengeneza mwenyewe kabla hujalipa. Inafaa kwa vitu vinavyoonekana, kama bati au mfumo wa maji. Mtego wake ni kwamba mtu anayeondoka hana sababu ya kutengeneza kitu kitakachodumu. Atatafuta saruji kidogo na fundi wa bei poa. Kwa hiyo sharti liwe moja: fundi wako aione kazi kabla plasta haijapigwa. Ufa wa msingi hautengenezwi kwa kuzibwa, unatengenezwa kwa kuondoa kilichousababisha.

Njia ya pili ni kupunguza bei. Hapa usiseme "punguza kidogo mzee wangu, nyumba imechoka." Hayo ni maneno ya sokoni. Leta orodha ya fundi, kila kazi na gharama yake, vifaa upande mmoja na ufundi upande mwingine. Kwa mfano, nyumba inauzwa sh. milioni 25. Orodha inaonyesha ukuta wa nyuma sh. milioni 1.8, kenchi na bati sh. 900,000, choo sh. 700,000. Jumla ni sh. milioni 3.4. Sasa mnazungumza juu ya milioni 21.6, na muuzaji anaweza kupinga kazi moja moja badala ya kuona umemdharau. Mtego wa njia hii uko kwa mnunuzi mwenyewe. Punguzo ni fedha ya ukuta. Ukilinunulia sofa, usije kumlaumu mtu mvua ikija.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na sijui kwa nini hatuitumii. Lipa sehemu kubwa, sehemu nyingine ibaki kwa wakili mpaka kazi ikamilike au mpaka msimu wa mvua upite, kwa makubaliano yaliyosainiwa na pande zote. Kuna watakaosema hilo ni jambo la kizungu. Siyo kweli. Serikali yetu yenyewe inalifanya kila siku. Mkandarasi akijenga shule au barabara, sehemu ya malipo yake huzuiwa hadi kipindi cha kuangalia kasoro kiishe. Kama serikali yenye wahandisi na mawakili haimwamini mkandarasi mpaka mvua ipite, wewe mwenye akiba ya kudunduliza unajiamini kwa nini?

Njia ya nne ni kuondoka. Lakini unaondokaje kama umeshatoa advansi isiyorudi? Ndiyo maana karatasi ya advansi, hata iwe ya mkono, iseme wazi kwamba fedha itarudi kama ukaguzi utaonyesha kasoro kubwa. Sentensi moja tu hiyo.

Na njia yoyote utakayochagua, iandike. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi. Hati zetu nyingi za mauziano zina majina, bei, mipaka na mashahidi, lakini kuhusu hali ya nyumba hazina hata mstari. Ongeza maswali. Je, nyumba imewahi kuingia maji? Kuna ufa uliozibwa? Ukuta wa nyuma umejengwa lini? Choo kinakwenda wapi? Muuzaji ajibu na kusaini. Ukumbuke yale ya kifungu cha 17. Kimya kinaweza kumlinda. Jibu la uongo kwenye karatasi halimlindi.

Neno moja kwa wajanja wanaoandika bei ndogo kwenye hati ili kukwepa kodi. Siku utakapodai fedha yako, hati yako ndiyo itakayozungumza, na itataja ile bei ndogo. Umejikata mwenyewe.

"Ukikagua sana hutanunua"

Najua nitakavyojibiwa. Nimeshajibiwa tayari na rafiki zangu. Wanasema, "Kaka, Mabatini nyumba zote zina nyufa. Ukikagua sana hutanunua. Wakati wewe unatafuta mhandisi, mwenzako amekuja na hela kwenye mfuko wa rambo."

Kuna ukweli ndani yake. Soko lina haraka na wenye kipato kidogo hawana nyumba kumi za kuchagua. Lakini haraka hii inamsaidia nani? Siyo mnunuzi. Muuzaji mkweli pia haimsaidii, maana aliyejenga ukuta wake vizuri anauza kwa bei ile ile ya aliyepaka rangi juu ya ufa. Anayefaidika ni dalali na yule mwenye rangi. Na gharama ya kukagua, hata ukiwalipa fundi na mhandisi, ni ndogo ukilinganisha na ile asilimia 10 ambayo watu wanatoa mitaani kwa ajili ya muhuri bila kulalamika.

Kuna jibu jingine zito zaidi, na hili nalipokea. Mama mmoja mjane aliniambia kwamba wanunuzi ndio wabaya. Wanakuja na fundi wao, anatikisa kichwa kila chumba, anasema nyumba haifai, basi mama wa watu aliye na shida ya ada au ya hospitali anaogopa, anaiachia kwa nusu bei. Miezi miwili baadaye nyumba "isiyofaa" imepangishwa. Huo nao ni wizi. Kasoro ya nyumba isigeuzwe fimbo ya kumchapia mwenye shida. Dawa yake ni ile ile: orodha iandikwe, kila kazi iwe na bei, na muuzaji apewe nakala aende kumwonyesha fundi wake. Orodha ya haki haiogopi fundi wa pili.

Ndiyo maana ninafikiri tusiwaachie wanunuzi peke yao. Kule Uskoti, tangu Desemba 2008, anayeuza nyumba ndiye anayepaswa kuleta ripoti ya hali ya nyumba, iliyofanywa na mkaguzi mwenye sifa, na kila mnunuzi anaisoma ile ile. Hatuwezi kunakili yote hayo kesho asubuhi, na sidai hivyo. Lakini tunaweza kuanza na karatasi moja. Ofisi ya serikali ya mtaa iwe na fomu ya ukurasa mmoja kuhusu hali ya nyumba: msingi, kuta, paa, choo, njia ya maji, umbali kutoka mtoni, jiwe lililoko juu. Muuzaji aijaze, mnunuzi na fundi wake waongeze waliyoyaona, wote wasaini, nakala ibaki ofisini. Bila fomu hiyo mwenyekiti asigonge muhuri. Haihitaji sheria mpya ya Bunge wala mfadhili. Kama mtaa unachukua chake nyumba ikiuzwa, basi utoe na huduma. Leo muhuri ule unasema tu kwamba muuzaji anajulikana. Hausemi kama ukuta utasimama.

Faida yake haitaishia kwa mnunuzi mmoja. Nakala hizo zikikaa ofisini miaka mitano, mtaa utakuwa unajua ukuta gani umeinama na jiwe gani linaning'inia kabla halijamwangukia mtu.

Machi 1995 Mwalimu Nyerere aliwaita waandishi wa habari Dar es Salaam akaifananisha nchi yetu na nyumba iliyopata nyufa. Tulimwelewa haraka sana, maana kila Mtanzania anajua ufa ni nini. Ajabu ni kwamba nyufa za nchi tunazijadili kila siku redioni, na za nyumba tunazolalia tunazipaka rangi.

Mvua hazimsubiri mtu. Kama wewe unayesoma hapa unatafuta nyumba Mabatini mwaka huu, tafuta fundi kwanza, dalali baadaye. Na kama wewe ni mwenyekiti wa mtaa, au ni dalali na unaona nimekuonea, njoo tubishane kwa hoja. Niko tayari kusikiliza.